Kiyoyozi Kinapopiga Kelele: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kumwita Fundi

Mkwaruzo wa feni iliyoshika uchafu na mkwaruzo wa beringi iliyokauka husikika vilevile kwa mtu aliyelala chini ya kiyoyozi. Mvumo wa kompresa (pampu inayosukuma gesi) inayoshindwa kuanza nao unafanana sana na ule wa feni iliyokwama. Kwa hiyo usianze kwa kubahatisha jina la mlio. Anza na maswali matatu: unatokea wakati gani, unatoka mashine ipi, na unakoma vipi? Ukiyajibu, washukiwa wanabaki wawili au watatu, na mara nyingi mkosaji ni bolti, vumbi au kapasita (kifaa kinachosaidia mota kuanza) ya bei ndogo, si kompresa wala gesi.

Maelezo haya ni ya AC ya ukutani yenye mashine mbili, ya ndani na ya nje, maana ndiyo iliyozoeleka majumbani na maofisini Tabora na Kigoma. Pangaboi nalo tumelipa nafasi yake, kwa kuwa nyumba nyingi zina pangaboi kabla hazijafikiria AC. Tabora hukaa kavu kuanzia Mei hadi Oktoba, na vumbi la miezi hiyo huishia kwenye filta na feni ya ndani, kisha joto la Septemba na Oktoba linamkuta mtu na mashine iliyoziba. Kigoma ina unyevu wa ziwani, ila maji ya Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari, hivyo breketi za chuma hazili kutu kwa kasi ya zile za Dar es Salaam.

Milio ya kuachana nayo

Tk-tk ya plastiki dakika chache baada ya kuwasha au kuzima ni mfuniko unaotanuka na kusinyaa kwa mabadiliko ya joto. Maji yanayosikika kama yanapita ndani ya ukuta AC ikizimwa ni gesi inayosawazisha presha kati ya mashine mbili. Hukoma ndani ya dakika chache. Mbofyo mmoja wa rilei (swichi ndogo ya umeme) unapowasha ni wa kawaida, na kompresa kuchelewa kama dakika 3 kabla ya kuanza pia ni kawaida: imepangwa hivyo ili presha ishuke kwanza. Zile AC zenye kitufe cha kupasha joto, ambazo mtu wa Tabora anaweza kuzikumbuka usiku wa Juni au Julai, hutoa "fyuuu" kubwa zinapogeuza mwelekeo wa gesi. Hiyo ni vali inabadili upande. Haijaharibika.

Jaribio la dakika ishirini

Zima televisheni, redio na pangaboi. Muombe mtu mmoja asimame karibu na mashine ya nje, akiwa na simu ya kurekodi.

Kwanza, weka rimoti kwenye hali ya feni tupu (ile yenye picha ya feni, bila alama ya theluji). Hapo mashine ya nje hailazimiki kufanya kazi. Pandisha kasi kutoka ya chini hadi ya juu. Kelele ikiwepo na ikabadilika pamoja na kasi, tatizo liko kwenye feni ya ndani au kitu kinachoguswa na upepo wake. Ikiwa kimya kabisa, mashine ya ndani imejitoa kwenye kesi kwa sehemu kubwa.

Pili, rudisha kwenye kupoza, shusha hadi nyuzi 18, ngoja dakika 3 hadi 5. Aliye nje asikilize pale kompresa inapoanza: feni ilianza kwanza au zote pamoja? Kulikuwa na mvumo kabla ya kuanza? Ulidumu sekunde ngapi?

Tatu, zima kwa rimoti na usikilize inavyokufa. Mlio wa kitu kinachozunguka hupungua taratibu pamoja na feni. Mlio wa umeme, kama mvumo wa kontakta (swichi kubwa ya umeme inayowasha kompresa) au transfoma, hukatika papo hapo. Kompresa nayo hukatika ghafla, mara nyingi na mtikisiko mdogo wa mabomba.

Nne, zima breka. Mvumo ukiendelea hata breka ikiwa chini, usiguse kitu: ndani ya mashine ya nje kuna nyuki au nyigu. Kwa mkoa wa asali kama Tabora hili si jambo la kuchekesha. Usipulize dawa; nyuki wakifa humo wataoza na masega yatayeyukia kwenye koili (mabomba yenye mapezi ya alumini). Tafuta mfuga nyuki aje jioni awahamishe, naye pengine atafurahi kupata kundi la bure.

Ukitaka kujua hasa sehemu gani inalia, tumia kijiti kirefu kikavu au mpini wa ufagio: ncha moja kwenye bodi ya mashine, nyingine kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Sogeza sehemu hadi sehemu. Usiingize kijiti ndani ya wavu wa feni inayozunguka.

Mashine ya ndani

Mtetemo mwepesi wa plastiki ndio wa kwanza kuushuku. AC ikiwa kwenye feni tupu, bonyeza mfuniko kwa kiganja: kushoto, kati, kulia, kisha chini. Kelele ikikoma mahali fulani, umepata skrubu iliyolegea au kishikizo kisichoingia. Fungua mfuniko, toa filta mbili, zirudishe hadi zikae kwenye reli zake. Filta iliyopinda ikigusana na koili hutoa mlio wa kukwaruza. Angalia pia vile vipepeo vinavyoelekeza upepo. Ekseli yake ndogo ya plastiki ikitoka kwenye tundu, kipepeo kinagonga kila kinapogeuka, "tak, tak", na watu wanadhani ni mota.

Mdundo wa mfululizo unaoongezeka kasi ikiongezwa, pamoja na upepo uliopungua nguvu, ni uchafu kwenye feni ya ndani. Feni hiyo ni ndefu kama urefu wa mashine nzima na ina mapezi mengi membamba yaliyopinda. Vumbi hujaa kwenye mkunjo wa pezi, kisha kipande kimoja kinabanduka na kuacha upande mmoja mwepesi. Kwa mizunguko elfu moja hivi kwa dakika, tofauti ya gramu chache inatosha kutikisa ukuta. Mulika tochi kupitia mdomo wa upepo: ukiona mapezi yana manyoya meusi, ndiyo hayo. Dawa yake ni kuosha feni nzima. Ukisugua sehemu moja tu, unaweza kuzidisha kelele kwa kuongeza tofauti ya uzito.

Kuosha: zima breka. Funika sehemu ya bodi ya umeme, ambayo kwa mashine nyingi iko kulia, kwa nailoni na gundi ya karatasi. Funga turubai au nailoni pana chini ya mashine ielekeze maji kwenye ndoo. Pulizia maji yenye sabuni ya maji kidogo kwa pampu ya mkono, ile ya kupulizia dawa ya bustani iliyo safi isiyowahi kubeba sumu. Subiri dakika 10, sugua kwa brashi laini huku ukizungusha feni kwa kidole, halafu suuza hadi maji yatoke meupe. Usitumie magadi wala dawa ya kung'arishia nguo: zinakula alumini ya koili. Acha ikauke saa moja au zaidi, kisha washa feni tupu kwa dakika 30. Baada ya hapo osha filta kila wiki mbili wakati wa kiangazi cha Tabora. Kigoma, kwa nyumba iliyo mbali na barabara ya vumbi, mara moja kwa mwezi inatosha.

Ukiona pezi limevunjika, usijaribu gundi. Feni itayumba, na bushi na mota vitafuata.

Mluzi au mlio mkali wa "chwii chwii" unaotokea hasa asubuhi wakati wa kuwasha hutoka upande ambao hauna mota, kwa kawaida kushoto. Hapo ekseli ya feni inakaa ndani ya bushi (pete inayoshika ncha ya ekseli) iliyoshikwa na mpira. Ikikauka inalia. Tone moja au mawili ya oili ya cherehani hunyamazisha, lakini kama mlio unarudi ndani ya wiki, bushi imelika na inatakiwa mpya. Mafuta ya kupikia yanaganda na kushika vumbi, na ile dawa ya kopo ya kulegeza kutu hukauka haraka. Mlio kama huo ukitoka upande wa mota, na ukawa wa kusaga zaidi kuliko wa mluzi, ni beringi ya mota. Na kama feni inasogea kushoto na kulia ukiishika, angalia skrubu inayoibana kwenye ekseli ya mota, upande wa kulia ndani ya tundu jembamba. Iwe imekaa kwenye sehemu bapa ya ekseli, si kwenye mviringo.

"Glu-glu-glu" isiyoisha, AC ikiwa inapoza vizuri, ni ya mpira wa maji machafu. Sababu ya kawaida ni watu kuchovya mwisho wa mpira ndani ya dumu ili wakusanye maji ya kupigia deki. Wazo zuri, ila dumu likijaa, mdomo wa mpira unazama na hewa inapambana na maji. Inua mwisho wa mpira ubaki juu ya maji wakati wote. Sababu ya pili ni mpira uliobonyea katikati na kutunza maji. Unatakiwa uteremke sentimita 1 kwa kila mita, bila kupanda popote. Ya tatu ni chumba kilichofungwa madirisha huku feni ya kutoa hewa ikifanya kazi: hewa inavutwa ndani kupitia mpira na kububujisha maji. Fungua dirisha kidogo. Kelele ikikoma, umepata jibu.

Ikiwa maji yanadondoka pia ndani ya chumba, mpira umeziba kwa ute au udongo wa nyigu. Fungua mfuniko, mimina nusu lita ya maji polepole kwenye trei iliyo chini ya koili na uone kama yanatoka nje. Yasipotoka, vuta uchafu kutoka mwisho wa nje kwa mashine ya kufyonza maji. Kama huna, pampu ya baiskeli iliyozungushiwa kitambaa inafaa, mradi upulize taratibu na baadaye umimine lita nzima kusafisha kile kilichorudi kwenye trei.

Ukisikia kutatarika, fungua uangalie koili. Barafu! Zima kupoza, acha feni tupu ifanye kazi hadi iyeyuke, osha filta, ndipo ujaribu tena. Barafu ikirudi filta ikiwa safi, soma sehemu ya gesi hapa chini.

Mashine ya nje

Huku ndiko kelele kubwa zinakotoka, na kwa bahati nzuri nyingi ni za ufungaji. Ukuta wa matofali ya kuchoma yasiyopigwa plasta humomonyoka ndani ya tundu, na fisha ya plastiki inalegea. Weka kiganja kwenye breketi mashine ikiwa inafanya kazi. Ukihisi breketi inacheza lakini ukuta umetulia, kazi iko kwenye bolti za ukuta. Dawa ya kudumu ni kutoboa ukuta hadi upande wa pili na kupitisha bolti ndefu ya milimita 10 yenye wosha pana, spana yake namba 17. Bolti zinazoshika miguu ya mashine kwa kawaida hutaka spana namba 13. Chini ya kila mguu kuwe na mpira. Ukipasuka, mtikisiko wa kompresa unaingia ukutani, na chumba chenye dari ya jipsamu kinaukuza mara dufu. Weka pimamaji juu ya mashine. Isiyo sawa inalia zaidi, na kompresa yake haipati oili vizuri.

Mlio wa chuma kugonga chuma wakati wa kuanza na kuzima tu ni mabomba mawili ya shaba kugusana, au bomba kugusa bodi ya mashine. Sogeza kwa mkono taratibu, weka kipande cha sponji ya kuhami kati yake, funga kwa mkanda wa nailoni. Usiache hivyo: shaba ikisuguana mwaka mzima inatoboka, na hapo utauziwa gesi.

Nyumba zenye mwembe uani zina kesi yake. Jani, kijiti au embe bichi likidondoka juu ya mashine inayotoa upepo kwa juu, panga la feni hulipiga "tatata". Hata zinazotoa upepo mbele hupata viota vya nyigu vya udongo kwenye panga, vinavyoleta mtikisiko kwa sababu ya uzito wa upande mmoja. Zima breka, ondoa wavu, safisha, zungusha panga kwa mkono. Lizunguke laini na kujisimamisha lenyewe. Likikwama au likicheza juu na chini, beringi imekwisha. Ukilitoa panga, kumbuka nati ya baadhi ya mashine hufunguka kinyume na kawaida. Angalia mshale kabla hujaikaza zaidi na kukata ekseli.

Sasa kwenye mvumo. "Mmmm" ya sekunde kadhaa, kisha "tk", kimya cha dakika chache, halafu tena "mmmm": kompresa inajaribu kuanza na kushindwa, na kinga yake ya joto inaikata. Ukiiona hali hii zima mara moja. Kila jaribio linavuta umeme mara nne hadi sita ya ule wa kawaida. AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza) inayotumia ampea 5 hivi inaweza kuvuta zaidi ya 25, na nyaya ndani ya kompresa zinapikwa. Sababu ziko tatu, na ziangaliwe kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni volti. Pima kwenye terminali za AC wakati kompresa inajaribu kuanza. Kipimo cha AC ikiwa imezimwa hakikwambii kitu. Mashine iliyoandikwa volti 220 hadi 240 kwa kawaida inavumilia upungufu wa asilimia 10, yaani usishuke chini ya 198. Ukikuta 175 jioni na 225 saa saba za usiku, kompresa yako ni nzima. Umeme wa jioni ndio mdogo. Ukikuta 225 kwenye mita ya LUKU na 185 kwenye AC kwa wakati mmoja, basi waya wa nyumba ni mwembamba au kuna kiungo kimelegea na kinachoma. BTU 12,000 itumie waya wa milimita 2.5 mraba wenye breka yake peke yake. BTU 24,000 itumie milimita 4. Stabilaiza ya kVA 3 hadi 5 inasaidia kwa BTU 12,000, iwe na kuchelewesha kwa dakika 3. Jua tu kwamba stabilaiza yenyewe hulia tk-tk inapobadilisha hatua, na watu wengi wamefungua AC bure kwa sababu ya mlio huo.

Ya pili ni kapasita, na kwa AC zisizo za inveta (zile zinazobadilisha kasi ya kompresa) huyu ndiye mkosaji wa kila siku. Joto la chuma kilichopigwa na jua na volti zinazopanda na kushuka zinaidhoofisha. Kapasita hubaki na umeme hata breka ikizimwa, kwa hiyo fuata utaratibu: zima breka, ngoja dakika 5, fungua mfuniko wa pembeni, weka mita kwenye volti za DC na upime ncha za kapasita. Zikiwa zaidi ya 10, toa umeme huo kupitia rezista ya omu 20,000 ya wati 5, au balbu ya zamani ya uzi, kisha pima tena. Mtindo wa kugusanisha ncha kwa bisibisi hutoa cheche inayoweza kuharibu kapasita nzima na macho yako.

Piga picha ya nyaya kabla ya kuchomoa. Halafu pima mikrofaradi. Kapasita ya kompresa ya BTU 9,000 mara nyingi ni 25 hadi 30, ya 12,000 ni 30 hadi 35, ya 18,000 ni 45 hadi 50. Lakini kinachotawala ni namba iliyoandikwa kwenye kapasita yako. Ikiandikwa 35 na asilimia 5, isome kati ya 33 na 37. Chini ya hapo ibadilishe hata kama haijavimba. Mpya iwe na namba ileile na volti 450. Usiongeze "ili iwe na nguvu": kapasita kubwa kupita kiasi hupasha joto waya wa kuanzishia. Feni ya nje ina kapasita yake ndogo, mikrofaradi 2 hadi 4 hivi, au inashirikiana na ya kompresa katika kopo moja lenye ncha tatu za C, FAN na HERM. Feni ikivuma bila kuzunguka na ikaanza ukiisukuma kwa kijiti chembamba kupitia wavu, ndiyo hiyo ndogo.

Ya tatu ni kompresa kukwama. Volti nzuri, kapasita mpya, bado inavuma: hapo ipimwe na fundi. Muombe akuonyeshe omu za ncha tatu za kompresa: C ya pamoja, R ya kuendesha na S ya kuanzisha. Kipimo cha R hadi S kiwe sawa na jumla ya C hadi R na C hadi S, na kati ya ncha yoyote na chuma cha mashine kusiwe na njia ya umeme. Vipimo vikiwa sawa ilhali haianzi, imeshika kimitambo.

Kompresa inayogonga ikiwa inafanya kazi, "gongo gongo" nzito, huashiria moja ya mawili. Ikigonga muda mfupi baada ya kuanza na bomba nene likiwa na barafu hadi kwenye kompresa, inameza gesi ikiwa maji, mara nyingi kwa sababu ya filta iliyoziba au gesi iliyozidishwa. Ikigonga muda wote, spring au mihimili yake ya ndani imevunjika. Hiyo haitengenezwi nyumbani, na kwa AC yenye umri wa miaka kumi na zaidi, kununua mashine mpya ni hesabu bora kuliko kompresa ya dukani isiyo na historia.

Mibofyo ya haraka, "trrrr", ni kontakta au rilei inayotetemeka. Volti ndogo inaweza kuisababisha, lakini kabla ya hapo tazama wadudu. Sisimizi hupenda kuingia kati ya ncha za kontakta, na mjusi akikaa juu ya bodi ya umeme hufa yeye na fyuzi. Zima breka, safisha kwa brashi kavu, kaza skrubu za terminali, ziba tundu la waya kwa silikoni. Ukikuta plastiki iliyobadilika rangi au harufu ya kuungua, usiwashe hadi waya huo ukatwe na kufungwa upya.

Gesi: thibitisha kwanza

Fundi akifika, akasikia "ssss" na kusema gesi imeisha kabla hajafungua boksi la vifaa, muombe kipimo. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa kwenye kibatari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, imevuja, na pa kuvujia pazibwe kabla ya kujaza.

Kipimo cha mwenye nyumba ni kipimajoto tu. Filta ikiwa safi, poza kwa dakika 15, pima hewa inayoingia juu ya mashine na inayotoka chini. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 inaonyesha gesi inatosha, na "ssss" unayoisikia ni ya gesi kupita kwenye mrija mwembamba, jambo la kawaida. Tofauti ya nyuzi 3 au 4, pamoja na barafu kwenye bomba jembamba pale linapoungana na mashine ya nje, au barafu kwenye kipande tu cha koili ya ndani, inaonyesha upungufu. Paka povu zito la sabuni kwenye nati za shaba, mbili nje na mbili nyuma ya mashine ya ndani, ungoje dakika mbili kila moja. Doa la mafuta lenye vumbi kwenye nati linasema vivyo hivyo.

Soma kibandiko ujue aina ya gesi. R410A ina presha kubwa kuliko R22, takriban mara moja na nusu, hivyo geji na mipira ya R22 haiifai. Tena hujazwa kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa. R32 inaweza kushika moto. Asivute mtu sigara hapo, na pasichomelewe bomba lenye gesi ndani.

AC za inveta

Hizi hulia tofauti, na wengi hushtuka bure. Mlio mwembamba unaopanda na kushuka ni kompresa inabadilisha kasi. Hazina kapasita ya kuanzishia, kwa hiyo usiruhusu mtu "aongeze" moja. Bodi yake ya umeme ya nje ina kapasita kubwa zenye volti zaidi ya 300 za DC hata baada ya kuzima. Zikae dakika 10 na zipimwe kabla ya kuguswa. Kelele mpya ya kusaga kwenye inveta, pamoja na taa inayopepesa, ihesabu mipepeso yake na umtajie fundi namba hiyo.

Pangaboi

Pangaboi likigonga, shika kila panga likiwa limezimwa na uone kama skrubu zimelegea. Kisha pima kutoka dari hadi ncha ya kila panga kwa rula, panga likiwa mahali palepale unapozungusha. Tofauti ikizidi milimita 3, kunja taratibu kishikio cha panga, si panga lenyewe. Likiyumba bado, bandika sarafu ya shilingi 50 juu ya panga moja katikati, jaribu, hamishia jingine. Likitulia, umepata lililo jepesi. Mkwaruzo wa kusaga ni beringi, aghalabu namba 6202 au 6201. Mvumo unaosikika kasi ya chini tu na kutoweka kasi ya juu ni wa regileta (kidhibiti kasi) ya kielektroniki; ukiweka ile ya hatua yenye kapasita, unaisha. Likianza kwa kusukumwa, badilisha kapasita ya mikrofaradi 2.5.

Na kabla ya yote, panda ukaangalie ndoano. Kwenye dari ya mbao iliyochimbwa na mchwa, pangaboi linaloyumba ni hatari kuliko AC yoyote inayolia.

Ukiagiza kipuri

Vipuri vya mota na bodi mara nyingi huagizwa Dar es Salaam au Mwanza, na kilichokosewa kinakugharimu nauli mara mbili. Piga picha ya kibandiko cha mashine zote mbili, si jina la AC peke yake. Kwa mota, andika wati, volti, mizunguko kwa dakika, idadi ya nyaya na rangi zake, unene wa ekseli kwa milimita (nyingi ni 8), urefu wa ekseli, na inazunguka upande gani ukiitazama kutoka upande wa ekseli. Kwa beringi, namba iko kwenye mzingo wake; 608 ina tundu la milimita 8, upana wa nje 22, unene 7. Kwa panga la nje, pima kutoka ncha hadi ncha na utaje lina mapezi mangapi. Beringi zilizofungwa pande zote mbili kwa chuma huandikwa ZZ na za mpira 2RS. Kwa vumbi la Tabora chukua 2RS.